Kamera Iliyoshonewa Koti

Mkwe wangu hawezi kuona kitu kimekaa uchi. Televisheni ina kava, redio ina kava, mtungi wa gesi una sketi ya marinda, na rimoti ameishonea kifuko, hadi ukitaka kubadilisha stesheni sharti uivue nguo kwanza. Ni fundi cherehani, mikono yake haijui kukaa bure. Mimi ni mama wa mumewe. Nilipika shule ya bweni mpaka nikastaafu, sauti yangu ni ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya uwanja, na sina mazoea ya kupaka maneno mafuta. Kwa hiyo nikisema huyu binti ni mtu, ujue ni mtu.

Kabla ya mtoto aliye naye sasa alikuwa na mwingine. Msichana, mashavu tele, alikuwa ameanza kukaa mwenyewe. Mchana mmoja alimlaza chumbani, akarudi kwenye cherehani kumalizia sare za shule. Alipokwenda kumtazama, mtoto hakuwa wa dunia hii tena. Daktari alisema hutokea, mtoto hulala tu asiamke, na hakuna wa kulaumiwa. Mwanangu alilia, mimi nililia mpaka koo likakauka. Mkwe wangu yeye aliuliza swali moja tu: "Aliniita? Cherehani ilikuwa inapiga kelele, sikusikia." Nani angemjibu?

Halafu akaja huyu wa kiume, kabla ya wakati wake, kadogo kiasi kwamba tulikaita Kifungo, na jina likashika. Kliniki walituonya kuwa mapafu yake bado machanga, asilale kwenye vumbi la vitambaa. Basi cherehani ikabaki chumba cha mbele na mtoto akalazwa chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Binti alikuwa anashona kidogo, anasimamisha, anatega sikio. Tatata, kimya. Tatata, kimya. Anainuka, anakimbia chumbani, anamwekea mtoto mkono kifuani, na mtoto anaamka. Sasa kazi ikawa kumbembeleza alale ili ukienda kumwangalia umwamshe tena. Wateja walikuja kuchukua nguo wakazikuta bado zina pini.

"Mimi si nipo?" nilimwambia. "Kaa ushone. Nitamlinda."

"Mama, wewe ukikaa dakika mbili unakoroma."

Sikufurahi, lakini ni kweli.

Mwanangu ni dereva wa lori. Aliporudi kutoka safari alikuja na boksi, uso umemchangamka kana kwamba ameleta ng'ombe. Ndani mlikuwa na kamera ndogo nyeupe, duara, na kioo cha kukaa nacho mkononi. Alimwita fundi simu wa mtaani aje kuifunga, kijana mpole anayeongea taratibu kama anayemfundisha kipofu njia. Alitoboa ukuta juu, mbali na kitanda cha mtoto, akaning'iniza kamera, akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kioo kikaonyesha giza, kiduara kikazunguka, na mara Kifungo huyo, amelala chali, ngumi zimekunjwa.

Mkwe wangu alishika mdomo. "Ni yeye? Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama. Na ukibonyeza hiki unaweza kuongea naye."

Nilikuwa nimesimama chini ya kamera nikiikagua. Sauti ya fundi ikatoka ukutani: "Haloo, bibi." Lo! Niliruka, magoti yangu haya haya mabovu. Walicheka mpaka mwanangu akashika ukuta.

"Upuuzi mtupu," nilisema. "Mtoto gani anataka kuzungumza na ukuta?"

Lakini kesho yake, jamani, nilikuwa uani naanua nguo nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Cherehani ilikuwa inakwenda. Si tatata, kimya. Ilikuwa inakwenda moja kwa moja, mshono mrefu, kona, mshono tena. Nilichungulia dirishani nikamwona ameinama, kioo kimesimama kando ya mkono wake, jicho moja kwenye sindano na jingine kwa mtoto. Nilisimama na shuka mkononi nikashukuru kimoyomoyo. Kwa sauti sikusema kitu, nisije nikaonekana nimeshindwa.

Sasa mtu wa kushona ni mtu wa kushona. Haikupita wiki, akaanza kuona kamera ni masikini ya Mungu, imekaa uchi ukutani inakula vumbi. Alikuwa ameuvisha ubao wa pasi kitambaa kipya, kile kinachong'aa kama sufuria, na kimebaki kipande. Akakata, akatia bitana, akaacha tundu la jicho, akakamilisha na kamba ya kufungia shingoni. Kamera ikavaa koti la fedha. Ilipendeza, nisiseme uongo. Hata mimi niliita jirani aje aone.

Siku iliyofuata nilikuwa uani tena. Nikasikia kupitia dirisha la nyuma, Kifungo ananung'unika. Cherehani inapiga, haisimami. Nikasubiri mama yake aende. Haendi. Manung'uniko yakawa kilio, kile cha hasira cha mtoto aliyelowa. Haendi. Nikajisemea, huyu leo kazi imemnogea. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, nikambadilisha, nikatembea naye uani akatulia, nikamwonyesha kuku wa jirani. Alipoanza kunyonya ngumi nikajua sasa anamtaka mwenye maziwa, nikampeleka mbele.

Niliingia huku nimejiandaa kumtania. "Fundi, hili vazi lako limekuja lenyewe kupimwa."

Aliinua kichwa akatabasamu. Kisha tabasamu likakatika. Alimtazama mtoto mikononi mwangu, akageuka akatazama kioo. Nami nikatazama. Kwenye kioo, Kifungo alikuwa amelala kitandani mwake, ngumi zimekunjwa, katulia tuli.

Nilimbana mtoto hadi akapiga kelele, na kwenye kioo yule mwingine hakujitikisa.

Mkwe wangu hakupiga ukunga. Ningefurahi angepiga. Alinyoosha kidole akakigusa kioo, akakisugua, kama anayefuta doa.

"Mama," alisema, "kwa hiyo asubuhi yote nilikuwa namwangalia nani?"

Alimpokea mtoto akakaa naye sakafuni, akimnyonyesha. "Alilia?" aliniuliza. Swali lile lile. Safari hii alikuwepo wa kumjibu, nikamjibu kweli, maana uongo ungemla zaidi. "Alilia. Alikuwa mzima, alikuwa amelowa tu. Nilimsikia mimi."

Fundi simu alikuja mbio. Alipoiona kamera alishika kiuno. "Mama, nani ameivalisha bati?" Alitueleza kuwa kitambaa kile kina madini ndani yake, kinazuia mawasiliano, na picha mpya zisipofika kioo kinabaki na ile ya mwisho. Tangu koti livaliwe, picha ilikuwa inakwama na kuachia, kukwama na kuachia. Alilivua, na kioo kikaonyesha kitanda kitupu.

"Umeona? Imepona," alisema.

Kamera ilipona, mkwe wangu je? Alifunika cherehani na kava lake, akatangaza kazi basi. Alirudisha vitambaa vya watu. Alikaa chumba cha nyuma na mtoto, mchana kutwa, akihesabu pumzi zake, hali wala hasemi. Mtu alikuwa anakonda mbele ya macho yangu. Mwanangu alipiga simu kutoka njiani akasema atanunua kamera nyingine ya maana zaidi.

"Ya nini?" mke wake alimjibu. "Hata hiyo nitajuaje kama haijalala?"

Nikamnyang'anya simu, nikaikata.

Jibu alilipata mwenyewe. Nilimkuta asubuhi moja amesimama katikati ya chumba cha mtoto, anatazama feni ya kusimama. Tunaiwasha imegeukia ukuta, maana mimi sitaki mtoto apigwe na upepo. Akatoka, akafungua sanduku lililo chini ya kitanda chake, lile ambalo sote tunalipita kama hatulioni. Alitoa gauni la njano la yule msichana. Alilishona mwenyewe, na tangu msiba hajaruhusu mtu hata kulifua.

"Mwanangu, usifanye hivyo," nilisema, kwa sababu niliona mkasi.

Alikata. Upindo wote wa chini, utepe mwembamba wa njano, na machozi yalikuwa yanadondoka juu ya mkasi. Akaufunga kwenye wavu wa feni, mahali ambapo kamera inaona. Feni ikawashwa, utepe ukaruka, ukapepea, haukutulia hata kidogo. Tukaenda mbele kutazama kioo. Pale alikuwepo Kifungo, amelala, na juu yake pembeni kitambaa cha dada yake kinapepea.

"Kikisimama," alisema, "nitajua nisiamini."

Akaivua cherehani kava lake. Mwanzoni ilikuwa tatata, kimya. Nilikaa karibu naye nikikunja nguo, na kila aliposimama nilisema, "Kinapepea," naye akaendelea. Baadaye hakuwa anaungoja mdomo wangu.

Jana alikuwa anashona gauni la harusi, kitambaa cha kuteleza, kisichotaka mtu wa roho juu juu. Cherehani ikaenda, ikaenda. Mimi nilikuwa uani, nikachungulia dirisha la nyuma, sijui nini kilinishika. Nilimwona Kifungo ametulia mno. Nikaingia kwa kunyata, nikapeleka mkono kifuani pake.

Cherehani ikanyamaza. Ukuta ukaongea:

"Mama, nakuona. Toa mkono, utamwamsha. Anapumua."

Na kabla sijafika mlangoni, cherehani ilikuwa imeshaanza tena.