Sakafu ya Stany Nkongolo

Ufa ulionekana nyumbani kwa Mama Kanku siku chache baada ya Pasaka, kwenye ukuta unaotazamana na nyumba ya Stany Nkongolo. Ulianzia sakafuni, nyuma ya kitanda cha wajukuu, na kufikia mwezi wa tano ulikuwa umepanda hadi dirishani. Mama Kanku aliuziba kwa saruji mara mbili, na mara mbili ukafunguka. Mara ya tatu hakununua saruji. Alitoka nje, akasimama kwenye uchochoro mwembamba uliozitenga nyumba hizo mbili, akategea sikio. Upande wa jirani kulikuwa na mvumo wa chini, usiokatika, kama wa pampu inayonyonya maji ya shimo. Akakaza kitenge chake, akaenda kwa shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wao.

Kolwezi mtu hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Tangu watu wa mtaa wa Kasulo walipokuta madini ya kobalti chini ya vyumba vyao vya kulala, kila dirisha lililozibwa huhesabiwa kuwa mdomo wa shimo. Mchimbaji huteremka ndani ya kiwanja chake, lakini akishafika chini hakuna wa kumwonyesha mpaka. Hulifuata jiwe popote linapokwenda, hata chini ya kitanda cha mwenzake. Nyumba zimeshaanguka. Na Stany Nkongolo alikuwa na chumba cha nyuma chenye pazia jeusi na kufuli, ambacho hakuna jirani aliyewahi kukitia jicho.

Stany alikuwa na miaka sitini na minne. Baba yake aliletwa kwa treni kutoka Kasai kuja kufanya kazi mgodini, na yeye mwenyewe alitumika miaka ishirini na minane katika karakana ya vipimo, akitengeneza saa za mgandamizo, vipimajoto na mizani. Alikuwa mtu wa mikono mitulivu na maneno machache. Mwaka 1986 mhandisi mmoja Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao alimpa sanduku, akamwambia kwamba mtoto wake ameshakua na kitu chenyewe kimeshakufa. Ndani mlikuwa na mashine ya michezo, yenye kioo chake na kifimbo cha kuongozea. Stany aliifungua, akakuta kapasita mbili zimevimba, akaweka nyingine alizozitoa kwenye redio mbovu. Mashine ikavuma, kisha ikawaka.

Jambo alilolikuta mle ndani hakulipata tena mahali pengine. Televisheni hupita kioo chote mstari kwa mstari, kama mkulima anayelima shamba zima hata pasipo na mbegu. Mashine hii haikuwa hivyo. Nukta moja ya mwanga ilikimbia kutoka hapa hadi pale kwa mkato ulionyooka, ikageuka, ikakimbia tena, na pale ilipopita pakabaki chombo chenye pembe tatu, au jiwe linaloelea gizani. Ilichora kama mshonaji anavyochora kitambaa kwa chaki. Stany, aliyeshinda kutwa nzima akitazama mishale ya vipimo, alihisi kwamba kuna mtu wa kazi yake aliyekaa akafikiri, kisha akachora.

Kuanzia hapo alikusanya. Mashine moja aliipata Likasi, nyingine Mutshatsha kwa mtu aliyekuwa akiifanya kiti cha kuku, nyingine mbili kwenye masalia ya nyumba za wazungu. Karakana ilipofungwa aliinunua osiloskopu, kile kipimo cha mafundi wa umeme chenye kioo kidogo cha kijani ambacho huonyesha mtetemo wa umeme kama mstari wa mwanga. Kioo cha mashine ya Mbelgiji kilipozeeka, Stany aliunganisha nyaya zake na osiloskopu, na vile vyombo vya pembe tatu vikahamia huko, vyembamba na vikali kuliko mwanzo. Mvumo haukuondoka. Angeweza kuuondoa, lakini aliuzoea.

Mke wake, Mama Fidélie, mkuu wa shule ya msingi, aliyakubali hayo yote kwa sharti moja tu: yasitoke nje. Mwaka 1993, akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, alilala wiki saba kwenye jukwaa la stesheni pamoja na wazazi wake, wakingoja treni ya kuwatoa mkoani, kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yakisemwa juu ya watu wa asili ya Kasai. Alijua maneno yanavyoanza. Tangu aliporudi na kuolewa alilichunga jina la nyumba yake kama wengine wanavyoichunga hati ya kiwanja. Mzee wa jumuiya ya kanisa, mume wa mkuu wa shule, akapige mawe ya kuchora? Pazia jeusi lilihitajika ili mistari ionekane vizuri, na pia lilihitajika kwa ajili ya Mama Fidélie.

Kwa hiyo shefu wa avenue, Tata Kalumba, alipobisha hodi jioni ya Alhamisi, Mama Fidélie ndiye aliyefika mlangoni kwanza.

"Mama Directrice, yambo. Tata Stany eko? Banasema anachimba."

"Nani anasema?"

"Mi njo nasema!" Mama Kanku akachomoza nyuma ya shefu. "Nasikia pompe yenu kila siku. Ukuta yangu inapasuka, batoto banalala pale. Munangoja iwaangukie?"

"Mama Kanku, hapa haiko Kasulo. Ni nyumba ya batu benye kusoma."

"Aa! Benye kusoma njo banachimbaka muzuri. Beko na plan!"

Tata Kalumba alikohoa ili asicheke. Alisema kwamba Jumamosi saa nane wataingia wapige sakafu, na kama mlango hautafunguliwa, atalipeleka jambo kwenye ofisi ya komuni.

Usiku mume na mke walikaa mezani, chai ikiwapoa mbele yao.

"Basiingie," alisema Mama Fidélie. "Bakiingia, Jumatatu batoto ya sixième, ku masomo, bataniuliza bwana yangu alifika niveau ya ngapi mu muchezo."

"Na bakikosa kuingia?"

Mama Fidélie akainuka kukusanya vikombe.

"Bakiniita mutoto, Fidélie, itapita," Stany alisema. "Lakini ule mama anaamini mi natoboa chini ya bajukuu yake. Ile haitapita."

Jumamosi aliifungua kufuli mwenyewe. Tata Kalumba aliingia na mtaimbo, Mama Kanku nyuma yake, na majirani sita wakabaki mlangoni. Walikunja mkeka, wakasogeza meza, wakagonga saruji pembe hadi pembe. Ililia ngumu kila mahali. Shefu akainama hata chini ya kabati, akainuka na utando wa buibui kwenye kofia.

"Na ile sauti?" Mama Kanku akauliza.

Stany akawasha. Mvumo ukajaa chumbani, na katika kioo cha kijani kikatokea chombo cha mistari mitatu, na mawe yakaanza kukijia.

Kisha kicheko kikaanzia mlangoni.

"Tata Stany! Na ile mvi yote!"

"Acheni, mwenye kuzeeka anarudia butoto!"

"Kale kamutumbwi kanafanya nini?" Tata Kalumba aliuliza, akiwa ameshakaa kwenye kiti. Stany akampa kifimbo. Shefu alikufa mara tatu kabla ya dakika mbili kuisha. "Inaniibia, hii!" alisema, akajaribu tena. Mama Fidélie alisimama ukumbini, mikono kifuani, akitazama kalenda.

Mama Kanku peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama sakafu ile nzima, uso wake umelegea kama wa mtu aliyekosa basi la mwisho.

"Basi ni nani?" aliuliza polepole.

Stany aliuona uoga wake, akaona haya kwamba kwa siku mbili alikuwa amefikiria jina lake mwenyewe tu. Akazima mashine. Alichomoa spika kutoka kwenye ile mashine ya Likasi, akaibeba osiloskopu kifuani, akavuta waya mrefu wa umeme dirishani hadi chumba cha wajukuu. Spika, akamweleza shefu, hutoa sauti ukiipa umeme, lakini ukiigusisha na kitu kinachotetemeka hutoa umeme. Akailaza kifudifudi karibu na ufa.

"Musitembee. Tata Kalumba, we utazame kiyo. Mustari ikiruka, useme."

Mstari ulilala, umenyooka. Kisha ukaruka.

"Ee!" shefu alinong'ona. "Moja, mbili, tatu. Imelala. Tena moja, mbili, tatu."

Sikio halikusikia kitu. Lakini Stany aliutambua mwendo ule: mtu anapiga nyundo mara tatu juu ya patasi, anapumzika, anapiga tena. Akaisogeza spika dirishani, upande wa nyumba yake.

"Ndogo," Tata Kalumba akaita.

Akaisogeza mlangoni. "Kubwa kidogo." Akatoka nayo kwenye kolido, ujia wa kati ya vyumba, Mama Kanku akimshikia waya, mpaka mbele ya mlango wa mwisho, uliokuwa na kufuli mpya.

"Weeh! Imejaza kiyo yote!" sauti ya shefu ikaja kutoka chumbani. "Muko fasi gani?"

Stany alimtazama Mama Kanku. "Ya nani, hii chumba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ya Dimitri." Dimitri alikuwa mwanawe wa mwisho. Alimwambia mama yake kwamba anaweka mle makaa anayoyaleta kutoka Mutshatsha, na mama alikuwa ameona magunia yakipita kwenye mlango wa uani wa chumba hicho, akamshukuru Mungu kwamba kijana amepata kazi. "Makaa," alisema. "Tata, tafazali."

Neno moja tu lingetosha. Shefu alikuwa hatua kumi kutoka pale, na majirani waliocheka walikuwa nje wakingoja. Stany angeweza kulisema, akarudi nyumbani akiwa safi. Lakini aliiona mikono ya yule mama ikiukunja waya na kuukunjua, akakumbuka kwamba naye ana jina.

Akaiinua spika. "Batu batoke mule chini leo," alimwambia. "Shimo ijazwe. Batoto balale kwetu. Jumanne narudi na kile kintu. Mustari ikiruka, mi mwenyewe naongea na shefu."

Kisha akarudi chumbani, akamwambia Tata Kalumba kwamba udongo unasogea chini ya nyumba, kwamba bado hajajua vizuri kutoka wapi, na kwamba watoto wasilale pale. Huo ulikuwa uongo wa kwanza aliomwambia mkubwa wa mtaa.

Wajukuu watatu walilala kwa Mama Fidélie. Aliwaogesha, akawasahihishia madaftari, wala hakumwuliza mumewe kitu mpaka Jumapili, aliporudi sokoni na kikapu kitupu.

"Banasema ulijaza shimo yako simenti Ijumaa, kabla ya shefu kuingia," alisema. "Banasema ndiyo maana ilikuwa ngumu vile. Kile kintu yako, banasema ulikiweka pale kwa kutuchekesha." Akaketi. "Unajua ni nani, Stany. Nakuona."

"Najua."

"Na unanyamaza?"

"Mpaka Jumanne."

Stany alitegemea hasira. Ingekuwa haki yake. Badala yake Mama Fidélie alisimama, akaenda kuwasongea watoto wa watu bukari.

Jumatatu magunia yaliingia kwa Mama Kanku kupitia mlango wa uani, yakiwa yamejaa mchanga na vifusi, na Dimitri mwenyewe aliyabeba, mabega yamechubuka, mama yake akiwa amesimama juu yake na fagio mkononi. Jumanne Stany alilaza spika mbele ya mlango uliokuwa wazi. Mstari haukuruka. Alikaa nusu saa nzima, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kupima. Mama Kanku alimletea kiti, kisha maji.

Lakini maneno sokoni hayakupungua. Ijumaa, jumuiya ilipokutana kusali nyumbani kwa Tata Kalumba, mtu mmoja nyuma aliomba kwa sauti kubwa kwamba Bwana awalinde wale wanaoishi juu ya mashimo ya wengine. Wengine wakakohoa. Stany, aliyepaswa kuongoza somo, alifungua kitabu asione herufi. Aliwaza kwamba labda ni vyema amwachie mtu mwingine kiti hiki cha uzee wa jumuiya.

Mama Kanku akasimama, ingawa zamu yake haikuwa imefika.

"Ile shimo ilikuwa kwangu," alisema. "Dimitri njo alichimba. Mi nilishitaki Tata Stany mbele yenu bote, na ye alijua tangu Jumamosi, alikuwa na mi ku kolidori, akanyamaza. Munaomba Mungu? Mumuombe juu yangu." Akakaa, akajifunika uso kwa kitenge.

Mama mmoja, kwa kutaka kugeuza maneno, akamgeukia Mama Fidélie.

"Basi kumbe ni kweli, Mama Directrice? Ule bwana anafungaka mulango kwa kucheza tu?"

Stany aliinamisha kichwa. Akasikia mke wake akivuta pumzi, ile anayoivuta kabla ya kuhutubia wazazi wa wanafunzi.

"Anacheza, mama," alisema Mama Fidélie. "Ndani ya nyumba yake, juu ya simenti yake. Anacheza vizuri." Kisha akamsukuma mumewe kidogo kwa kiwiko. "Soma sasa. Batu banangoja."

Naye akasoma.