Siku Niliyosema Nimefunga

Namshukuru Mungu kwa umri alionipa. Wengi niliokaa nao katika baraza la wazee wa kanisa letu pale mtaani Mowlem wameshalala, nami bado naamka, naoga, nakunywa chai na kusoma neno. Lakini umri humrudishia mtu mambo aliyodhani ameyazika. Hili ninaloandika hunirudia kila redio inapopiga wimbo wa zamani wa mwimbaji mmoja. Mke wangu huongeza sauti, nami hutamani aipunguze.

Mwimbaji mwenyewe sitamtaja jina. Alikulia katika kwaya yetu ya watoto, siku zile kanisa lilipokuwa la mabati matupu na mvua ikinyesha mhubiri anakaa chini mpaka ipite. Mimi ndiye niliyemfundisha mafundisho ya ubatizo, kwa hiyo aliniita Baba. Aliendelea kuniita hivyo hata kanda yake ya kwanza ilipotoka, miaka ya tisini, na sauti yake ikawa inatoka katika kila kioski na kila saluni kuanzia kwetu hadi Komarock. Kwenye jalada la kanda ile alivaa gauni la kitenge la manjano, mabega yameinuka. Wasichana wa mtaa waliwapelekea mafundi jalada hilo wakisema, "Nishonee kama hili."

Sifa zilimletea maneno. Aliwahi kuimba katika hoteli moja mjini ambako ukumbi wa pili walikuwa wakiuza pombe. Alitia nywele dawa. Jumapili nyingine hakuonekana kanisani kwa sababu alikuwa ameitwa Mombasa au Kisumu. Kwetu kanisani mtu hasemwi, anaombewa. Mama mmoja alikuwa akisimama, akafumba macho, akamwomba Bwana amrudishe "yule kijana wetu aliyetekwa na taa za dunia", na watu wote wakaitika amina wakijua ni nani. Yeye mwenyewe alicheka tu. "Endeleeni mama zangu," alisema. "Maombi hayapotei."

Walichokuwa hawakijui ni mahali alipokuwa kila Jumanne.

Nyuma ya bomba la maji aliishi mjane mmoja, mama kutoka magharibi, muuza mandazi. Mumewe alikuwa dereva wa lori, akafa baada ya kuugua kwa muda mrefu. Kila asubuhi mama huyu aliweka karai lake kando ya njia wanayopita wafanyakazi wanaokwenda viwandani kwa miguu, na mbele ya karai aliweka benchi la mbao. Mtu aliketi, akala mandazi mawili na kikombe cha chai, akaondoka. Karai hilo ndilo lililolipa kodi ya chumba na kumlisha binti yake, aliyekuwa amelala ndani nyuma ya pazia kwa miezi mingi. Binti huyo na mwimbaji wetu walikuwa wakiketi pamoja katika kwaya ya watoto, safu ya mbele, wakishiriki kitabu kimoja cha nyimbo.

Jumanne mchana mwimbaji alikuja kwa njia ya nyuma, leso kichwani, kandambili miguuni. Alimwogesha rafiki yake, akambadilishia shuka, akamkata kucha. Siku moja aliniomba niende kumwombea mgonjwa. Nilimkuta mwimbaji amechutama uani, mikono imezama kwenye beseni la shuka, ile mikono ambayo watu walipanga foleni kuipa salamu. Aliinuka akanipisha mlangoni niingie. Sikuingia. Niliomba nikiwa nimesimama kizingitini, ombi zuri, refu, halafu nikasema amina.

Tulipokuwa tukiondoka aliniambia, "Baba, kuna mwandishi wa gazeti ananifuata. Anataka picha yangu nikitembelea wagonjwa. Nimemwambia huwa siendi popote."

"Lakini ingewapa wengine moyo," nikasema.

"Ingewaonyesha majirani mlango wa mama. Tafadhali, hili libaki kwetu, Baba."

"Limebaki," nikasema.

Miaka ile ugonjwa wa binti yule haukutajwa. Watu walisema "ule ugonjwa" au waliinua tu mabega. Muuguzi mmoja alikuwa amekuja kutufundisha sisi wazee, nami nikaandika kwenye daftari: hauambukizwi kwa chakula, wala kikombe, wala kushikana mikono. Nilisimama mbele ya ushirika wa wanaume nikawasomea maneno hayo. Nayaandika haya ili msomaji asinitafutie udhuru.

Jumapili ya shukrani mwimbaji hakuwepo, alikuwa ameitwa kuimba Mombasa. Mama yule mwenye maombi akasimama tena, akamwombea aliyetekwa na taa za dunia. Safari hii akaongeza kwamba Mungu amwonyeshe hata maskini wa mtaa wake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza ibada. Damu ilinipanda. Niliwaambia wakae, nikawaambia mnamhukumu mtoto huyu na hamjui Jumanne anafanya nini. Nikawaeleza habari za shuka, za beseni, za kucha. Nikasema, "Nendeni pale nyuma ya bomba, kwa mama wa mandazi, mjionee upendo wa kweli ulivyo."

Watu walishangaa, wengine wakalia. Mama mwenye maombi aliinama. Nilijisikia nimemtetea binti yangu, na ni kweli nilimtetea. Lakini nimekuwa na miaka mingi ya kuuchunguza moyo wangu wa siku ile, na nimeona mle ndani kitu kingine. Nilitaka ijulikane kwamba mimi nilijua siri ya mtu mashuhuri.

Jumatatu asubuhi nilipita pale nikienda kazini, kwani nilikuwa karani katika kiwanda cha rangi. Saa ambayo benchi hujaa, lilikuwa tupu. Mandazi yalikuwa yamejaa beseni, yamefunikwa kwa kitambaa safi. Vijana wawili wenye ovaroli walikuwa wakivuka upande wa pili wa njia.

"Niaje mathe!" mmoja alipaza sauti. "Leo nimeshiba!"

"Umeshiba saa hii?" mama akamwuliza. "Umekula wapi?"

"Nimekula ndoto, mathe!" Wakacheka. Kisha yule mwingine akamwambia mwenzake, kwa sauti iliyotufikia, "Hiyo mandazi sili, buda. Si ulisikia vile mzee alisema kanisani?"

Mama alinitazama. Aliweka kuni nyingine chini ya karai, ingawa hakuwa na haja ya kupika zaidi.

Hali ilikuwa hiyo kwa juma zima. Mwimbaji aliporudi kutoka Mombasa alipita kwanza kwa mama, kisha akaja nyumbani kwangu. Mke wangu alimkaribisha chai, hakuigusa. Nilianza kueleza jinsi nilivyomtetea. Aliningoja nimalize.

"Baba, mimi nilikuwa nasemwa, sikufa njaa," alisema. "Mama hana kodi ya mwezi huu, na hataki nimlipie. Amesema mlango wake umekwisha kujulikana, nisirudi."

Nikamsogezea kikombe, akakisukuma kando.

"Kesho asubuhi njoo pale kwa mama, watu wakienda kazini. Uvae koti lako la kanisani. Wamesikia ukisema. Sasa wakuone."

"Nitakuja," nikasema.

Nilifika mapema. Yeye alikuja kwa njia kuu, siyo ile ya nyuma, na hakuwa na leso. Alivaa lile gauni la manjano la kwenye kanda, mabega juu, viatu vya visigino ndani ya vumbi letu. Nusu ya mtaa ilikuwa ikimfuata kabla hajafika kwenye bomba. Akampa mama mkono, akaketi katikati ya benchi, akasema, "Mama, naomba matatu, na chai ya maziwa kama ipo." Akala. Hakula kama mtu anayeonyesha, alikula kama mtu mwenye njaa, mafuta yakimng'aa vidoleni.

"Tuimbie dada!" watu wakapiga kelele.

"Naimbaje na mdomo umejaa? Kuleni kwanza, ndipo tuimbe. Mnataka niimbie watu wenye njaa?"

Walicheka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto alinunua moja. Kijana wa ovaroli, yuleyule aliyekula ndoto, alisukumwa na wenzake mpaka mbele. Akachukua andazi, akaligeuza mkononi, akaliinua. Mama alikuwa anapokea sarafu.

Ndipo mwimbaji aliponigeukia. Nilikuwa nimesimama kando, na koti langu. Alisogea kwenye benchi akanipisha, kama alivyonipisha siku ile mlangoni, akaninyooshea sahani.

"Baba, karibu mandazi."

Watu wakageuka kunitazama. Nilijua kila nilichokiandika kwenye daftari. Kichwa changu hakikuwa na shaka hata kidogo. Mkono ndio ulioogopa, na ulimi ukauhurumia mkono.

"Asante, binti yangu," nikasema. "Leo nimefunga."

"Leo, Baba?"

"Leo."

Yule kijana akaliteremsha andazi lake. Hakulitupa, alilirudisha polepole kwenye sahani. "Ai, mzee mwenyewe amefunga," mtu mmoja alisema nyuma, na kicheko kikapita, kisha watu wakaanza kukumbuka kwamba wamechelewa kazini. Mwimbaji aliwaimbia kama alivyoahidi. Aliimba ubeti mmoja, vizuri sana, kwa watu wanaoondoka.

Sikula siku hiyo kutwa nzima. Nilitaka neno langu liwe kweli. Jioni mke wangu aliponiwekea ugali na sukuma nilimwambia nimefunga. Akauliza, "Kwa ajili ya nani?" Nikasema, "Kwa ajili ya mgonjwa mmoja." Akaniheshimu kwa hilo, akaenda kulala akiniombea.

Alhamisi nilirudi kwa mama. Niliomba ruhusa kazini nikachagua saa nne, wafanyakazi wakiwa wameshapita na njia ikiwa tupu, na hilo nalo nalikiri. Alikuwa anasugua karai kwa majivu. Nilikuwa nimejiandaa kuketi. Kabla sijaketi alifunua kitambaa, akachukua mandazi mawili, akayafunga kwenye karatasi ya daftari, akanipa kwa mikono miwili.

"Beba, mzee," alisema. "Utakula ukishafungua."

Niliyatia mfukoni mwa koti. Nilimwambia, "Mungu akubariki." Nilikaa nayo siku mbili, yakawa magumu kama jiwe, nikawapa kuku wa jirani.

Mwisho wa mwezi mama aliondoka kurudi kwao. Mwimbaji alileta pikapu, akambeba rafiki yake mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye godoro nyuma ya gari, na nikasaidia kupakia vyombo. Nilibeba benchi. Binti hakumaliza majuma mengi huko kwao.

Mwimbaji hakuacha kuja kanisani, wala hakunivunjia heshima. Karibu miaka miwili baadaye nilikutana naye mtaa wa Umoja, kwenye harusi aliyokuwa ameimba. Nilimwuliza kama bado anatembelea wagonjwa.

"Kila Jumanne," alisema. "Lakini siku hizi siendi kwa kujificha. Naingia kwenye ploti ya wapangaji na gauni langu, naanza mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila mlango nakunywa chai. Wanasema ninaringa, natafuta sifa. Tumbo linaniuma kwa chai, Baba, lakini hakuna anayejua nimekuja kwa nani."

Nilicheka pamoja naye, kisha nikamwambia, "Siku ile sikuwa nimefunga."

"Najua."

"Na mama?"

"Mama alijua kabla yangu. Alisema, mwache mzee, ameogopa tu." Akaokota mkoba wake. "Anauza mandazi sokoni kwao. Nenda ukamsalimie."

Nilikwenda Desemba hiyo, nimevaa koti lilelile. Nilimkuta chini ya kibanda cha nyasi, na benchi lilikuwa lile nililolibeba. Amekonda. Baada ya salamu alinionyesha kwa kidevu upande wa nyumba yao, ng'ambo ya mto, akasema binti amelala kule, penye migomba. Nikampa pole. Niliketi bila kukaribishwa, nikaomba matatu.

Yalikuwa ya moto, yaliniunguza ulimi. Niliyala yote mbele ya watu wa soko, na mama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Umefungua, mzee?" aliuliza.

"Nimefungua, mama."

Akaniongezea jingine. Nililila nikiangalia watu wakinunua unga na chumvi, wakipita na baiskeli, wakisalimiana. Hakuna hata mmoja aliyenijua pale. Hakuna ambaye angekula au angeacha kula kwa sababu yangu. Mama alikuwa ameshageukia karai lake.