Pikipiki ya safari niliyouziwa na mtani, na siku niliyopita ukweni bila kusalimia

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu kama mpo, shikamooni, ingawa sidhani kama mpo, maana mimi mwenyewe nimeshapita tisini. Haya ninayoandika yamenitokea mimi. Naandika kwa kidole kimoja, hivyo mnivumilie.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa kijana mmoja wa humu, aliyenunua pikipiki ya mtumba ya masafa marefu. Siku tatu anayo, ameshaandika first impressions kurasa nne. Anasifia kiti, anasifia mlio, anasifia mpaka kioo cha pembeni.

Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Hakuna mahali amesema amekagua breki.

Sasa kaa hapa nikusimulie.

Hii ni Tabora, Mwingereza bado yupo, uhuru unasikika kwa mbali. Nilikuwa karani katika ghala la nta na asali, nakaa Chemchem, chumba kimoja. Suruali yangu ilikuwa na mikunjo ya pasi na kalamu ilikaa mfukoni hata Jumapili. Nilikuwa na dharau, wakuu, niseme ukweli. Mtu wa baiskeli nilimwona kama hajazaliwa vizuri.

Na nilikuwa na mchumba, Tabitha. Kwao ni upande wa Usoke, mwendo wa siku kwa baiskeli ukifuata njia ile ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Baba yake, mzee Yeremia, alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, mtu wa koti jeusi na maneno machache. Alikuwa ameniambia kwamba Jumapili fulani nifike baada ya ibada, ukoo wote utakuwepo, nionekane, ndipo aseme ndiyo au hapana. Kulikuwa na mwalimu mmoja naye anamtaka Tabitha, na mwalimu huyo ana baiskeli mpya.

Mnaona tatizo langu. Treni ipo, tena inapita kulekule. Lakini mimi nishuke treni na kapu, kama muuza karanga, mbele ya mwalimu mwenye baiskeli? Thubutu.

Hapo ndipo anaingia Kondo.

Kondo alikuwa jirani yangu, Mzaramo, fundi wa karakana ya reli, amekaa Tabora mpaka watoto wake wanasema Kinyamwezi kuliko mimi. Kwa vijana wa leo msiojua, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za kubeba mizigo kwenda pwani. Mtani anaweza kukutukana wewe, mama yako, nyumba yako na chakula chako, na wewe unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mjinga. Kondo alikuwa ananiita mzigo. Asubuhi akiniona anasema, "Mzigo umeamka?"

Kondo alikuwa na pikipiki. Aliipata kwa Mzungu mmoja mpima ardhi aliyerudi kwao. Jamani, pikipiki ile. Kampuni sitaitaja, sitaki kesi uzeeni. Tangi kubwa jeusi, taa ya mbele kama sufuria ya pilau, mifuko miwili ya ngozi ubavuni ya kuwekea ramani. Ilikuwa imezunguka nchi nzima na vumbi lake ililibeba kama nishani.

Nikamwambia naitaka.

Sasa sikilizeni vizuri, maana kosa lote liko hapa. Tulikuwa barazani kwa muuza kahawa, watu wawili wapo wanasikia. Kondo akaweka kikombe chini, akasema, "Mzigo, hii haina breki. Ya mbele imekatika, ya nyuma ni pambo. Na ukiifungulia mafuta sana yananata, hayarudi. Itakuua."

Mimi nikacheka.

Nikamjibu kwamba Wazaramo wanaogopa kila kitu isipokuwa ngoma. Akasema Mnyamwezi amezoea kubeba, sasa akitaka kubebwa atabebwa mpaka kaburini. Baraza zima likacheka. Akarudia mara ya pili kwamba breki hakuna. Nikacheka tena, nikamwambia anaionea wivu pikipiki yake mwenyewe.

Unaelewa, kijana? Mtu ametaja ugonjwa wa pikipiki kwa jina, mbele ya mashahidi, mara mbili, na mimi nikachukulia ni utani kwa sababu aliyesema ni mtani. Angesema Mpemba ningekimbia.

Mtauliza kwa nini sikuijaribu. Niliijaribu. Niliizungusha Chemchem nzima. Lakini Tabora ni mchanga, wakuu. Ukiachia mafuta, mchanga wenyewe unakushika magurudumu unasimama taratibu kama mtu mstaarabu. Nikashuka nikasema breki za kizungu ni laini sana.

Hiyo ndiyo ilikuwa first impression yangu. Laini sana.

Jumapili ikafika. Nikavaa koti, nikafunga tai, kwenye mifuko ya ngozi nikaweka zawadi: kanga mbili za mama mkwe na chupa ya asali ya daraja la kwanza. Njiani nilijiona gavana. Watu wa baiskeli walikuwa wananipisha, na mimi siwaangalii.

Kanisa lao lilikuwa chini ya mteremko mrefu wa changarawe, ngumu kama sakafu. Nilipofika juu nikaona watu wameshatoka ibadani, wamejipanga njia nzima. Kina mama wameanza vigelegele. Mzee Yeremia amesimama mbele na koti lake jeusi. Hata mwalimu alikuwepo, ameegemea baiskeli.

Nikasema hapa nifungulie kidogo, wasikie mlio.

Nikafungulia. Mafuta yakanata.

Nikakanyaga breki ya nyuma, ni kweli, ilikuwa pambo. Nikaminya ya mbele, mkono ukafika mwisho kama nimeminya ndizi. Mtaalamu wa humu ataniuliza kwa nini sikuzima injini. Ndugu yangu, kwa spidi ile nilisahau hata jina la mama yangu, sembuse kizimio.

Wakuu, nilipita.

Nilimpita mzee Yeremia hatua mbili kutoka mguuni pake. Sikusimama, sikuinama, sikusema shikamoo. Nilitaka hata kuinua mkono, lakini yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani. Nilimwona Tabitha, macho kwa macho, na mdomo wake umebaki wazi. Vigelegele vikakatika kama mtu amezima redio.

Nilikwenda kusimama mbele huko, kwenye mchanga wa mto mkavu, ubavu chini. Chupa ya asali ilipasukia ndani ya mfuko, juu ya kanga.

Mpaka nimelisukuma lile dude kurudi kanisani, uwanja ulikuwa mtupu. Alibaki dada yake Tabitha peke yake, ametumwa. Akaniambia mzee amesema mtu anayepita ukweni bila kusalimia, aendelee na safari yake.

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikasema nilikuwa na dharura ya kikazi huko mbele.

Dharura. Jumapili, porini, karani wa nta.

Lakini ningesema nini? Kwamba nimenunua pikipiki isiyo na breki kutoka kwa Mzaramo aliyeniambia haina breki? Hadithi hiyo ingefika Igunga kabla sijafika nyumbani. Niliona ni afadhali waniite mwenye kiburi kuliko waniite mjinga. Nilikuwa tayari kumkosa Tabitha ili nisichekwe. Naandika hivi leo nikijidharau mwenyewe.

Nilirudi Tabora kwa treni, pikipiki ikiwa behewa la mizigo, ndipo mahali pake. Nikaenda moja kwa moja kwa Kondo, barazani kwa muuza kahawa, nikiwa nimefura. Nilimwambia ameniua, ameniharibia ndoa, ni tapeli.

Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nilikwambia."

Nikawageukia wale wawili wa barazani. Mmoja akasema ni kweli, alikwambia mara mbili. Wa pili akaongeza kwamba na wewe ulicheka mara mbili.

Nikakaa chini kwenye mkeka wao. Nikamweleza yote, mteremko, vigelegele, uso wa mzee, mpaka ile dharura yangu ya uongo. Nilitegemea acheke mpaka alie. Hakucheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza namwona Kondo amekaa bila utani usoni, na ilinitisha kuliko mteremko. Akaniuliza kama kweli nampenda huyo binti. Nikasema ndiyo. Akasema basi Jumamosi tunapanda treni.

Jumamosi tukapanda treni, na kapu, kama wauza karanga.

Kwa mzee Yeremia hatukukaribishwa kiti. Mzee alikuwa ndani, mlango wazi, anasoma Biblia yake na hainui macho. Mimi nikasimama uani kama mwizi. Mtu mwingine yeyote angetuma wazee, angeomba radhi kwa mzunguko, ingechukua miezi. Lakini mzee Yeremia ni Mnyamwezi, kwa hiyo na yeye ni mtani wa Kondo, na nyumba ya mtani haina hodi.

Kondo akaenda akajilaza kwenye kizingiti cha mlango, chali, mikono kifuani kama maiti. Akasema amekufa kwa aibu, na wamzike, Wanyamwezi wamezoea mizigo.

Mama mkwe akaziba mdomo kwa kanga. Mzee akafunga Biblia.

Kondo, akiwa bado amelala, akaeleza. Kwamba yeye ndiye aliyemuuzia huyu kijana pikipiki isiyo na breki, kwamba kijana hakupita kwa dharau, alipita kwa sababu hakuwa na namna ya kusimama.

Mzee akamuuliza kama alificha ule ubovu.

Kondo akasema hakuficha, alimwambia mbele ya watu.

Mzee akatikisa kichwa. "Acha utani wako. Hakuna mtu mpumbavu kiasi hicho."

"Yupo," Kondo akasema, akanyoosha kidole bila kuinuka. "Huyo hapo uani, na anataka kuoa kwako."

Mzee akaniangalia kwa mara ya kwanza. Nyuma ya nyumba jikoni kulikuwa na kelele za sufuria, zikanyamaza.

"Alikwambia?"

"Aliniambia, mzee."

"Ukanunua?"

Dharura yangu ya kikazi bado ilikuwepo, nimeishika mkononi, ningeweza kuitumia tena. Nikaiacha.

"Nilidhani ni utani, mzee. Nikanunua. Na ile dharura niliyosema ni uongo."

Kutoka jikoni nikasikia Tabitha anacheka. Si kicheko cha adabu, alicheka mpaka akakohoa. Mama mkwe akafuata. Mzee alijitahidi, nilimwona anavyojitahidi, mabega yakamsaliti.

Alipomaliza kujifuta macho akasema, "Mwenye dharau singempa binti yangu. Mjinga tutamfundisha." Akaniita ndani, na ilibidi nimruke Kondo mlangoni maana aligoma kuinuka mpaka aletewe chakula.

Nikapiga magoti, nikasema shikamoo. Ilikuwa imechelewa wiki moja.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno. Pikipiki ile Kondo aliitengeneza mwenyewe karakanani jioni baada ya kazi, breki zote mbili na mafuta, na hakunidai chochote isipokuwa kuendelea kuniita mzigo. Tabitha nilimpakia nyuma mpaka Kaliua na kurudi. Kila mteremko alikuwa ananiuliza sikioni kama leo kuna dharura.

Kondo alifariki baada ya kuugua siku chache, uhuru ukiwa umekaribia kabisa. Msiba ulikuwa palepale Chemchem. Mimi ni mtani wake, nilijua haki yangu na wajibu wangu. Jeneza lilipotaka kutoka nikaisukuma pikipiki nikaiegesha katikati ya njia. Nikasema maiti haipiti, dude lake hili alipande aende nalo, mimi nimechoka kutunza takataka za Wazaramo.

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Mjane wake akatoka mlangoni macho yamevimba. Akasema, "Aliniambia utakuja nayo. Akasema nikwambie asiipande mtu, breki ya nyuma imeanza kulegea tena."

Nikaikanyaga. Ilikuwa imelegea kweli.

Nililia pale mbele za watu mpaka watani wenzangu wakaacha utani wakanishika. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia ukweli mwingi kama yule Mzaramo, na karibu wote niliuchekea.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtani hana sababu ya kukupaka mafuta, kwa hiyo anachosema kuhusu kitu chako kisikilize kabla hujacheka. Na ukishafanya ujinga, useme ni ujinga. Mimi nilikaribia kupoteza miaka hamsini na mbili na yule mwanamke kwa kuona aibu ya siku moja.

Kijana wa uzi ule, kashuke ukague breki, kwenye lami, si kwenye mchanga. Kioo cha pembeni utakisifia baadaye.

Wengine karibuni kwenye komenti, nitukaneni mnavyotaka. Na Wazaramo mliomo humu, kama kuna jambo lolote mmeliona kwangu, semeni. Safari hii nasikiliza.