Taa za Ng'ombe Zilivyowadanganya Paka

Saa mbili asubuhi, jua la Desemba halijachomoza hapa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, lakini zizini kwa mfugaji Durk Hoekema taa zinawaka, ni kweupe pe. Hiltje Wiarda, mwenye miaka 61, amelala kifudifudi kwenye majani makavu, kamba mkononi. Kamba imefungwa kwenye mlango wa kizimba chenye samaki wa kopo.

Anamvizia paka wa madoa, jike pekee kati ya saba wa shamba hili ambaye hajafungwa kizazi.

Jike hana habari na samaki. Anagaagaa, anainua mkia, analia kama mtoto mchanga.

"Dada Hiltje, huyo leo hali," anasema Durk. "Ana harusi."

"Nyamaza! Harusi yenyewe umeiandaa wewe."

Kwa miaka kumi na tisa Hiltje amekuwa akikamata paka wa mashambani, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo, kisha kuwarudisha wakawinde panya. Oktoba ya mwaka jana alitaka kuja hapa. Durk akamwambia asubiri Machi, maana wazee wake wote walijua paka hawapandani wakati wa baridi.

Wazee hawakukosea. Paka jike hungoja mchana urefuke kuelekea kiangazi. Ila wazee hawakuwa na taa hizi, zinazowaka saa kumi na sita kwa siku ili maziwa yaongezeke.

"Ng'ombe umewapa kiangazi," Hiltje anamwambia, "ukadhani paka wamefumba macho?"

Februari walizaliwa paka kumi na mmoja. Kwa baridi ile, walipona wawili tu.

"Ardhi ilikuwa jiwe kwa barafu, kaburi lao nilichimba kwa sururu," anasema Durk, sauti imeshuka. "Na mama mmoja akawa anawabeba wanawe waliokufa, anawarudisha kwenye titi."

Ghafla dume la kijivu linamrukia jike na kumng'ata kisogo. Jike anatulia tuli, kama kitoto kinavyotulia mdomoni mwa mama yake. Kisha anapiga ukelele, anageuka na kulirarua dume pua.

"Basi, tumechelewa," anasema Durk.

"Bado. Mayai hayashuki mpaka apandwe, na yatashuka kesho au keshokutwa. Daktari akimpata leo, hazai."

Kitendawili: mimba moja, baba watatu. Ukishindwa, nipe mji. Ni paka, kwani jike huyu hatosheki na dume moja, na Hiltje analijua hilo. Anakwenda garini, anarudi na dume la rangi ya chungwa alilolinasa jana, likiwa kwenye kizimba chake. Analiweka nyuma ya mtego.

Dume linaguna. Jike anasimamisha masikio, anasogea, anaingia, anawaruka samaki. Hiltje anavuta kamba.

Jike anajigonga kwenye nyaya, na Hiltje anamfunika kwa blanketi.

"Mwakani nitakupigia kabla sijawasha taa," anasema Durk.

"Mwakani mbali. Jirani zako wanne wana taa kama hizi. Mimi wananicheka, wananiita bibi paka. Wewe uliyechimba kwa sururu, watakusikiliza."

Durk anavaa kofia. Wataanza na jirani wa karibu, leo hii, wakitoka kwa daktari.

"Natamani Februari moja," anasema Hiltje, akibeba kizimba kwa mikono miwili, "nipite mashamba yote haya nikinywa kahawa tu, nikiulizwa habari za wajukuu."