Mgomba Katika Kiti cha Nyuma

Mimi huyu unayenisikia, niliambiwa na madereva pale Busia kwenye maegesho ya malori: "Boss, hata toroli limekushinda, ndege utairushaje?" Niliirusha. Hilo ni kweli, na yaliyonipata angani ni kweli pia. Cheka ukishamaliza kusikiliza.

Nilirudi kutoka Uarabuni na diploma ya ufundi wa ndege, ya kwanza kwetu Bukhayo nzima. Nikaunda ndege ya kutua majini, yenye maboya mawili mahali pa magurudumu, ili maafisa wa doria waitumie kutazama ziwa na kutafuta waliozama. Ilikuwa moja tu, ya majaribio. Walisema ikikaa angani saa nzima bila kutua, wangeagiza nyingine.

Ndege ile ilihitaji uzito kwenye kiti cha nyuma, cha mtazamaji, la sivyo ingeinamisha pua. Asubuhi ya jaribio gunia langu la mchanga likapasuka. Nikakata mgomba, nikaufunga mkanda kitini, nikauvisha koti langu utomvu usichafue kiti. Shangazi yangu, aliyekuja kuniombea, akashika kichwa.

"Wewe! Kwetu aliyezama asipatikane huzikiwa mgomba. Huu umeuketisha umngoje nani?"

"Shangazi, hiyo ni hesabu ya uzito tu."

"Haya, mwenye diploma."

Nikapaa. Ziwa lilikuwa jeupe kwa jua, hakuna hata mtumbwi. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata ugenini. Ndipo mtu akakohoa nyuma yangu.

Niamini. Kwenye kioo kidogo nilimwona kijana amevaa koti langu, maji yakimchuruzika kidevuni. Hakunitazama mimi. Alitazama ziwa.

"Boss," akasema polepole, "kule chini ya maji hakuna wa kuongea naye. Nishushe pale kwetu." Akaonyesha ufuo wa upande wa Sio Port.

Wewe ungefanya nini? Nikitua, jaribio limekwisha. Nikamwambia, "Ngoja kidogo, saa iishe."

"Hata wale wa mashua walioniona nikizama waliniambia ningoje."

Nikatua. Maboya yalipogusa maji, ndege ikawa nyepesi ghafla. Nyuma mkanda ulikuwa bado umefungwa, koti limelowa chapachapa, mgomba haupo. Ufuoni, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa wa omena alisimama akitazama maji, kama mtu aliyeitwa jina.

Maafisa walisema ndege inayotua bila amri haifai. Hakuna nyingine iliyoundwa. Koti lile nalianika kila jua likiwaka, na mpaka leo halijakauka.

Nawe usiketishe mgomba mahali pa mtu, hata ukiwa na diploma mbili. Na ukiombwa kushusha, shusha.

Vifaa vingi vya ndege ile nilikuwa nimeazima. Nilivifungua kimoja kimoja, nikavirudisha kwa wenyewe, kuanzia Busia hadi Malaba. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja dereva wa lori, mwenye nyaya.

"Kwa hivyo iliruka?" akauliza.

"Iliruka, mzee."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Siku hiyo sikudaiwa tena na mtu yeyote, na nilirudi nyumbani peke yangu.