Spika ya Kushoto

Mashine yetu ya santuri ilikuwa na wenyewe wawili, na wenyewe wawili walikuwa na maoni mawili. Mimi nilisema sauti yake ya chini ni nzito mno, mwimbaji unamsikia kama ametumbukia ndani ya pipa la pombe ya rubisi. Mwenzangu alisema hapo hapo ndipo fedha yetu ilipokaa. Mimi nilipenda mkono wake, jinsi ulivyojinyanyua wenyewe santuri ikiisha na kurudi kitandani kama mtu mwenye adabu. Yeye hakujali mkono. Alijali spika, zile mbili kubwa za mbao nyeusi, na alinifundisha kuketi katikati yake, magoti pamoja, macho yamefumbwa. Kwenye santuri moja ya rumba aliyoipenda kuliko mke wake, kwa maneno ya mke mwenyewe, gitaa la pili lilitoka upande wa kushoto peke yake. "Umelisikia?" alikuwa akiniuliza kila mara, kama vile ningeweza kulikosa.

Tuliinunua Bukoba mjini katika duka moja la Wahindi lililokuwa likifungwa. Mwenye duka alikuwa ameificha wakati wa vita chini ya magunia ya chumvi, siku zile ndege zilipokuja kutupa mabomu na mji ukabaki na mbwa. Alistahimili vita, akastahimili na miaka ya rafu tupu iliyofuata, kisha akachoka. Watoto wake walikuwa wameshamtangulia ng'ambo.

"Mzee, ina kasoro gani?" nikamuuliza.

"Haina."

"Sasa mbona unaiuza?"

"Anayeondoka ni mimi. Yeye hajasema anaondoka."

Akaweka santuri. Nikasogea upande wa kulia nikasikiliza, nikaenda kushoto nikasikiliza, nikarudi kulia nihakikishe. Mzee akamgeukia mwenzangu. "Huyu ananunua mashine au anaoa?"

"Akiwa anaoa haangalii hivi," mwenzangu akasema.

Nilimshusha bei yule mzee mpaka akaanza kujibu kwa Kigujarati. Mwenzangu alitoa sehemu yake bila kuihesabu, nikaihesabu mimi, mara mbili, akanicheka njia nzima.

Nyumba yangu ilikuwa Buhembe, yake Kamachumu, mwendo wa pikapu wa kukuvunja kiuno. Kwangu kulikuwa na umeme wa serikali, pale serikali ilipokumbuka. Kwake kulikuwa na kijenereta cha petroli alichorudi nacho vita vilipokwisha, na ambacho mimi, kwa heshima, sikuwahi kumuuliza alikotoka nacho. Alikuwa dereva, alifuata jeshi mpaka ng'ambo ya mpaka, na baada ya jeshi kurudi yeye aliendelea kwenda na kurudi kwa shughuli zake. Vitambaa, betri, sabuni. Tulikubaliana kwamba msimu wa kahawa mashine ikae kwake, maana ndipo Kamachumu watu wanaoa, na miezi mingine ikae kwangu.

Makubaliano ya namna hiyo, wengine huyaandika. Sisi tulikula buni. Kwetu Wahaya tunda moja la kahawa lina punje mbili zilizolala kifua kwa kifua. Watu wawili wakitaka kuwa kitu kimoja, kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, damu yake inapakwa kwenye punje, na kila mmoja anameza punje yenye damu ya mwenziwe. Basi, mmekuwa wanywani, ndugu wa damu. Mtoto wake ni wako. Na hamdanganyani, kwa sababu wazee walisema ukimdanganya munywani wako ile punje inakuvimbia tumboni.

Nilikuja na tunda, nikaja na wembe mpya, haujafunguliwa. Yeye akauangalia wembe.

"Weka hiyo," akasema. "Tumeze tu."

"Bila damu?"

"Mimi Mlutheri, bwana. Mchungaji akisikia?"

"Mchungaji amesikia ya jenereta?"

Akacheka, lakini wembe hakuugusa. Tukameza punje kavu kavu, na mke wake, ambaye nilimwita shemeji na ambaye mwenzangu hakujaliwa kupata naye mtoto, akatuletea maji ya kusindikizia. Njiani nikirudi nilikuwa nikijiuliza kama biashara ile imekamilika au nimeuziwa kipande. Nikajijibu kwamba imekamilika. Nilitaka iwe imekamilika.

Nayo ikashika. Karibu kila Jumapili ya msimu wa kahawa nilipanda pikapu kwenda Kamachumu, nikaketi katikati ya spika, tukabishana. Miezi mingine alikuja yeye Buhembe, tukabishana vile vile. Mimi ambaye nikinunua mkungu wa ndizi nauzungusha kwanza, mtu huyu sikumzungusha.

Halafu miaka ile mingine ikatushukia. Ule ugonjwa wa kukonda, tuliokuwa bado tunauita kwa jina la kitambaa cha magendo, kama vile ni nguo unayoweza kuivua, ulikuwa umeingia nyumba baada ya nyumba. Ulipita kwa madereva, kwa wachuuzi, kisha kwa wake zao, kisha ukaacha kuchagua. Harusi zikapungua. Na penye msiba hupigi santuri, na msiba ulikuwa karibu kila upande wa migomba. Kwa hiyo dereva wa pikapu aliponiletea salamu kutoka Kamachumu kwamba mashine imepata ajali, sikushtuka sana.

"Amesema upande wa kushoto umekufa," akaniambia dereva, kichwa nje ya dirisha.

"Umekufaje?"

"Mimi nimebeba salamu tu, waitu."

Nikatuma neno kwamba nije na fundi. Likarudi jibu: usihangaike, sasa imekufa yote, hata haizunguki. Nikatuma tena kwamba nitakuja tuketi tu. Jibu: ana safari. Safari nyingine. Ana wageni. Zamu yangu ya kukaa na mashine ikafika ikapita. Mtu mwingine angekuwa amenitumia majibu hayo, ningekuwa mlangoni kwake kesho yake asubuhi nikinusa. Lakini huyu tulikuwa tumekula naye buni. Niliomboleza mashine yangu, nikakaa kwangu.

Kilichonipeleka Kamachumu ni tamaa yangu ya kawaida. Nilikutana sokoni na mwalimu mmoja wa Izimbya aliyekuwa na mashine kama yetu, ya umbo lile lile, iliyoungua mota. Tukaanza kulinganisha, kama wazazi. Yake, alisema, ilikuwa haipendi vumbi. Yetu ilikuwa haipendi Jumatatu, nikasema. Nilipomwambia ya kwetu imekufa hakusikitika hata kidogo.

"Imekufa yote, au kuna kiungo kinachofaa? Nainunua hivyo hivyo."

Nikaona kumbe hata maiti ya mashine ina bei. Sikutuma salamu. Nilipanda pikapu nikaenda kumpelekea munywani wangu habari njema.

Nilishuka barabarani nikakata kwa miguu katikati ya migomba. Kwanza nikasikia jenereta. Nikasema labda anasaga kitu. Kisha nikasikia ile rumba yake. Nikasema labda redio. Kisha likaingia gitaa la pili, lile la kushoto, safi, kila uzi mahali pake. Nilisimama kwenye majani makavu mpaka wimbo ukaisha, na hata baada ya kuisha nilibaki pale, maana nilijua mkono unajinyanyua sasa, unarudi kitandani, na mwenzangu amefumba macho katikati ya spika zetu mbili. Miezi yote ile.

Shemeji alinikuta mlangoni. Hakusema karibu. Alisema kwa mshtuko, "Maawe, umekuja."

"Nimekuja msibani," nikamwambia. "Nimesikia mashine yetu imefariki. Inaimba vizuri kwa marehemu."

"Mwache apite," sauti ikatoka ndani. "Huyo ukimzuia atahesabu matofali."

Nilikuwa nimekuja na maneno tayari, makali, nimeyapanga njiani toka kwenye migomba. Nikaingia nayo. Aliyeketi kwenye kiti alikuwa na koti la munywani wangu. Shingo ilikuwa nyembamba, macho yamekuwa makubwa kama ya mtu anayesoma kwa mbali. Pembeni ya kiti kulikuwa na kikombe kimoja, peke yake juu ya stuli, na shemeji alipoleta kikapu cha kahawa ya kutafuna alininyooshea mimi tu.

"Angalia vizuri," mwenzangu akasema. "Anza kulia, nenda kushoto, halafu rudi kulia."

"Ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Ulisema imekufa."

"Nilitaka usije."

"Ungesema unaumwa!"

"Ningesema naumwa, ungekuja kila Jumapili kuniangalia. Wewe kila kitu unakihesabu mara mbili. Ungenihesabu mbavu, ungekwenda Buhembe ungezihesabu tena." Akapumzika, kusema kulimchosha. "Mashine ikifa, nilijua hutakuja."

Hapo ndipo aliponipiga, na sidhani alijua. Uongo wa mashine ningeusamehe kwa punguzo. Lakini aliukata uongo ule kwa kipimo changu, kama fundi cherehani anayekujua mabega, na ukanikaa. Mashine ilikufa na kweli sikuja. Nilituma salamu, nilikubali majibu, nilikaa kwangu. Maoni yake juu ya spika tulikuwa tumeyajadili miaka. Maoni yake juu yangu alikuwa ameyaweka siku zote, na hakuwahi kunionyesha.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Kabla ya buni. Sikuwa na hakika. Kuna mtu wangu wa ng'ambo, wa biashara, alikuwa amekufa kwa ugonjwa huu huu."

Nikaukumbuka wembe ambao hakuugusa.

"Mchungaji," nikasema.

"Ehe. Mchungaji."

Shemeji akazima jenereta, petroli ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Mimi kukaa kimya kunanitia hasara, kwa hiyo nikainuka, nikachomoa waya za spika ya kushoto, nikaikumbatia.

"Unafanya nini wewe?"

"Si ulisema upande wa kushoto umekufa? Nakwenda kuuzika kwetu. Nitarudi nao Jumapili. Ukitaka gitaa lako, nisubiri."

"Huo ni wizi."

"Ni nusu yangu."

"Na nauli ya kubeba hilo sanduku kila Jumapili, nani?"

"Wewe."

"Nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu, na shemeji anipikie ndizi."

"Ndizi utapata," shemeji akasema, na nilimsikia akicheka kidogo kwa upande wa pili wa pazia, au alikuwa anapenga kamasi.

Ndivyo nilivyokuja kuwa yule mtu wa pikapu mwenye spika mapajani. Makondakta walinitoza kiti cha spika, tukagombana, nikashinda, wiki iliyofuata wakanitoza tena. Nilifika, nikaunganisha waya, tukasikiliza upande mmoja wa santuri, mwingine petroli haikutosha. Sikumhesabu mbavu. Nilijifunza kuangalia mkono wa mashine. Nilidhani tumepatana, kwamba lile la kwanza lilikuwa limelipwa na sasa tunakwenda sawa.

Jumapili moja nilimkuta nje, kwenye mkeka, akiota jua. Nikaiweka spika chini, nikaikalia nipumzike. Nyumba ilikuwa kimya kuliko kimya cha jenereta kuzimwa.

"Shemeji yuko wapi?"

"Nimempeleka kwao. Dada yangu ananipikia."

Nikachungulia kupitia mlango. Pale mashine ilipokaa palikuwa na mraba safi sakafuni, usio na vumbi.

"Iko wapi?"

"Imekwenda Izimbya."

Yule mwalimu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsimulia habari zake, tukamcheka pamoja kwa kununua maiti.

"Nilimwambia upande wa kushoto umekufa," akasema. "Akanikata bei, mjinga yule. Spika moja hakuiona."

"Umeuza mashine yetu bila kuniambia."

"Ningekuambia, tungepatana bei mpaka nife. Ukoo utakaa hapa, unaujua. Hatuna mtoto. Watamwachia shemeji yako kanga aliyovaa. Nimempa fedha zote, ameshakwenda."

"Zote? Na nusu yangu?"

Alinitazama kwa yale macho yake ya mbali, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona anafurahia biashara.

"Umeikalia," akasema.

Nilikaa juu yake mpaka pikapu ya mwisho ikapiga honi barabarani, nikaibeba, nikaondoka bila kumuaga vizuri. Ndivyo ilivyokuwa. Sitaipamba.

Tulimzika kwenye kibanja chake, karibu na kahawa. Matanga yalipokwisha ukoo ukakaa, wakamtaja mrithi, kaka yake mkubwa, wakaanza kupitia vitu: jenereta, mitumbwi ya kukamulia ndizi, shuka, kiti. Kaka mtu akasimama pale penye ule mraba.

"Palikuwa na mashine ya santuri hapa, ya bei kubwa. Mke wake ametoroka nayo?"

Wote wakanigeukia. Munywani ndiye anayejua. Na kweli ningeweza kuisema, nikadai nusu yangu mbele ya mashahidi, na kesho yake wangekuwa kwa wakwe zao wakiidai yote kwa yule mwanamke. Niliipima. Niliipima tena. Hata uongo wake alikuwa ameniachia nimalizie, bila kuniuliza.

"Ilikufa," nikasema. "Ulianza upande wa kushoto."