Mkalimani wa Ekipe ya Wasichana

Kiingereza changu kilikuwa cha miaka miwili ya darasani, kitabu kimoja kwa wanafunzi wanne, na mwalimu ambaye mwenyewe alikuwa hajawahi kukutana na Mwingereza. Nilikuwa nikifundisha Kifaransa katika shule moja ya Katoyi, mtaa wa Goma. Siku moja kochi wa ekipe ya wasichana, timu ya mpira ya wale wasiozidi miaka kumi na saba, aliingia ofisini kwetu. Walikuwa wamealikwa kwenye michezo ya nchi za ukanda wetu, huko kwa watu wa Kiingereza, na alitafuta mutu wa kuwatafsiria.

"Mama, Kiingereza unakijua?" akaniuliza mbele ya wenzangu.

"Kidogo," nikajibu, kwa ile sauti ya unyenyekevu ya mtu anayeficha mengi.

Nilitaka kusafiri, ndiyo ukweli wenyewe. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na mbali kabisa nilikofika ilikuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, ambako mtu wa Goma huenda kwa miguu na kurudi kabla sufuria haijachemka.

Tulisafiri siku mbili kwa basi. Kochi, muzee mwenye tumbo aliyekuwa beki enzi zake, alikaa mbele akimfundisha dereva kuendesha. Tulipofika na wasichana wakaona uwanja, walishuka mbio. Ulikuwa na majani. Kwetu wanacheza juu ya mawe ya volkano. Ukianguka unaacha ngozi hapo. Golikipa wetu alijitupa chini, akagusa, akajitupa tena. Dakika moja baadaye ekipe nzima ilikuwa inaanguka makusudi, inacheka, na kochi anapiga kelele kwamba hawakuja kulala.

Jioni ile niliitwa kwenye mkutano wa viongozi wa ekipe. Mama mmoja mwenye miwani alisimama mbele na karatasi zake akaanza kusema. Alisema haraka kama mtu anayefukuzwa. Nilishika neno "kesho," nikashika neno "mpira," na hapo nikawa nimemaliza. Mara tatu alinigeukia na kuniuliza jambo. Mara tatu nikatikisa kichwa kwa heshima na kujibu, "Yesi." Ya tatu niliisema kwa nguvu hata wajumbe wengine wakageuka kunitazama. Nilitoka pale nikijiona balozi.

"Wamesema nini?" kochi akauliza.

"Kila kitu iko sawa," nikamwambia.

Asubuhi, saa moja na nusu, wasichana walikuwa wanakula mayai. Mechi yetu, kwa ratiba tuliyotumiwa, ilikuwa saa kumi alasiri. Ghafla kijana wa basi letu akaingia mbio, anatupungia mikono. Mechi ilikuwa saa mbili. Tulikuwa tumeombwa kubadilishana saa na ekipe nyingine, na tulikuwa tumekubali. Nilikuwa nimekubali.

Wasichana walifungia viatu ndani ya basi, midomo bado imejaa mkate. Uwanjani tukakuta wapinzani wamevaa bluu. Sisi pia tulikuwa na bluu, na bluu tu. Kumbe yesi yangu ya pili ilikuwa ahadi kwamba tutavaa nyeupe. Wenyeji walituhurumia, wakatuazima jezi nyeupe za wanaume wa volebo, ule mpira wa wavu. Zilifika magotini. Ekipe yangu iliingia uwanjani kama watoto wa kutumikia misa.

"Mama," kochi akasema polepole, "mu ule mukutano ulisema nini?"

"Nilisema ndiyo."

"Ndiyo ya nini?"

Yesi ya tatu ndiyo iliyonitisha, maana sikujua bado ilikuwa ya nini. (Ilikuwa ya kukubali kwamba wasichana wetu watacheza ngoma siku ya kufunga michezo. Walicheza vizuri sana.)

Kufikia mapumziko tulikuwa tumefungwa mabao mawili. La pili lilikuwa la kuotea, hata mimi niliona. Refa, dada mmoja mrefu mwenye nywele fupi, alipopita karibu yetu, kochi alinishika mkono.

"Umwambie ule refa, macho yake iko sawa ya mbuzi ya kusinzia!"

Nikakusanya Kiingereza changu chote, nikamwambia refa kwamba kochi anamsalimu na anasifu kazi yake. Au ndivyo nilivyokusudia.

Refa akasimama. Akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Mzee wangu," akasema, kwa Kiswahili laini cha watu wa pwani, "macho yangu ni mazima. Kinachohitaji daktari ni Kiingereza cha huyu dada."

Akamwonyesha kochi kadi ya njano. Wasichana walicheka hata mmoja akatemea maji jezi ya volebo. Kochi alikaa chini akanyamaza, mara ya kwanza tangu Goma. Tulimaliza tatu kwa moja. Bao letu lilifungwa na winga wetu wa kushoto, mutoto wa mtaa wa Mabanga, aliyekuwa amefunga jezi yake fundo kiunoni ili aone miguu yake.

Baada ya mechi nilikwenda kwa yule mama wa miwani, nikamweleza yote kwa Kiswahili. Alivua miwani.

"Ungesema tu," akaniambia. "Nusu ya watu mle ndani tunaongea Kiswahili. Na sisi tulikuwa tunateseka na hicho Kiingereza."

Mkutano uliofuata nilikaa mstari wa mbele. Walipotuomba tuhamie tena asubuhi, nikasema, "Hapana, mama, asanti sana." Nikasikia raha mwili mzima. Alasiri ya kesho yake, mechi yetu ya pili ilipoanza, mvua ikashuka kama imetumwa na adui zangu. Kochi aliniangalia tu. Lakini wapinzani waliogopa tope, na wetu walikuwa wakilitafuta. Waliteleza kwa tumbo, kwa mgongo, hata bila sababu ya mpira. Tulishinda mbili bila. Mechi ya tatu tulifungwa tena, na tukatolewa.

Wakati wa kurudi, basi lilisimama katika mji wa Kiwanja, njia ya Goma, na wauza ndizi wakazunguka madirisha.

"Mulishinda?" mama mmoja akauliza.

"Ile ya kwanza tulitoka tatu kwa tatu," golikipa akamjibu bila kupepesa macho, "na refa alituibia la nne."

Kochi akakohoa na kusema hiyo ndiyo kweli kabisa. Yule mama akatuongezea kichane cha bure kwa uchungu wa kuibiwa. Nikamenya ndizi yangu nikala.